Vinundu Vyeupe vya Alief

Ndeshi Lyimo ndiye aliyepeleka ule unga bustanini, kwa mikono yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Hakutumwa na mtu. Aliomba mifuko sita kazini, akaiweka kwenye buti la gari, na Jumamosi moja ya Machi akawaonyesha wanawake wa parokia jinsi ya kulowesha mbegu za maharage kidogo, kuzipaka unga mpaka zote ziwe nyeusi, na kuzifukia kabla jua halijawa kali.

"Humu ndani kuna bakteria," aliwaambia. "Wataingia kwenye mizizi na kutengeneza vinundu. Vinundu vitanasa naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Hamtahitaji mbolea."

Bertila alikuwa wa kwanza kupaka. Bertila alikuwa Mrundi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, msafisha vyumba katika hoteli moja karibu na barabara kuu. Watu wazima wote pale walimwita Mama Faustine, kwa jina la binti yake mkubwa. Kiswahili chake alikipata katika kambi ya wakimbizi kule Kasulu, alikokaa miaka kumi na minne kabla ya kuletwa Houston. Bustani ile nyuma ya kanisa, katika mtaa wa Alief, ilikuwa wazo lake. Alikwenda kwa padri mara tatu kuomba ardhi, na alipopewa akagawa matuta kwa familia kumi na nne, kwa sababu alichoshwa na maharage ya dukani ambayo hupikwa nusu siku na bado yanagonga meno.

Ndeshi alikuwa mtu wa Kibosho. Alisoma chuo cha kilimo Morogoro, kisha akafanya kazi miaka minane katika kituo cha utafiti, akichunguza bakteria wa maharage na soya. Alipopata grini kadi alidhani atafika Texas na kuingia maabara moja kwa moja. Shirika la kukagua vyeti lilimjibu baada ya miezi saba kwamba shahada yake ni sawa na miaka miwili ya chuo cha Marekani. Akaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee miaka mitatu. Halafu akapata kazi Stafford, dakika kumi na tano kwa gari kutoka nyumbani kwake, kwenye kampuni ndogo iliyotengeneza ule unga. Cheo chake kilikuwa msaidizi wa maabara. Aliosha vyombo, alipika chakula cha bakteria, alihesabu walio hai katika kila shehena. Kazi ya kumtambua bakteria ni nani haikuwa yake.

Wiki ya tano baada ya kupanda, Bertila alipiga simu.

"Dada Ndeshi, njoo uone. Maharage yako yameumwa."

Alisema "yako". Ndeshi alikwenda jioni ile ile akitoka kazini, bado amevaa viatu vya maabara. Matuta kumi na matatu na nusu yalikuwa ya njano, ile njano iliyopauka inayoanzia majani ya chini. Lakini kwenye tuta la Bertila, upande wa ukuta wa uzio, kulikuwa na mstari mmoja wa kijani kibichi, majani mapana, maua tayari.

"Hapa vipi?" Ndeshi akauliza.

"Huo mstari niliuongeza mwisho, unga ulikuwa umeisha. Nikapanda hivyo hivyo."

Ndeshi alipiga magoti kwenye ule udongo mweusi unaonata kama uji mzito na kung'oa mche mmoja wa njano. Mizizi ilijaa vinundu, vingi kuliko alivyotarajia. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe. Akapasua cha pili, cha kumi, cha ishirini. Vyeupe vyote. Kisha akang'oa mche mmoja wa kijani kwenye ule mstari wa uzio. Vinundu vilikuwa vichache, ila alipopasua, ndani vilikuwa vyekundu kama nyama mbichi.

Hakuhitaji mashine kumwambia maana yake. Kinundu chekundu kinafanya kazi. Cheupe kinakula sukari ya mmea na hakirudishi kitu.

"Unga ndio umeua?" Bertila akauliza.

"Haujaua, Mama Faustine. Ila sijui umefanya nini. Nitaangalia."

"Angalia upesi. Juni ikifika joto litamaliza haya yaliyobaki."

Kesho yake Ndeshi alibeba miche miwili ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka mezani kwa bosi wake, Bwana Hollis. Hollis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara aliyerithi kampuni kutoka kwa baba mkwe wake, na alichokijua kuhusu bakteria ni kile kilichoandikwa kwenye lebo. Aliisogeza miche pembeni ili isichafue karatasi zake, akasema wafanye kipimo cha kawaida, atulie.

Kipimo cha kawaida kilikuwa cha jeni moja. Kila bakteria anayo jeni hiyo, na hubadilika polepole mno, kwa hiyo unaisoma, unailinganisha na za wengine waliokwisha kusomwa, na kompyuta inakupa jina. Baada ya siku nne majibu yalirudi: Rhizobium, wa aina ile ile iliyoandikwa kwenye mfuko, kufanana asilimia tisini na tisa nukta tisa.

"Si unaona?" Hollis akasema, akimgeuzia skrini. "Ni yeye."

"Jeni hii haitoshi," Ndeshi akasema. "Kuna aina zaidi ya kumi ambazo kwenye jeni hii karibu hazitofautiani. Halafu hata jina likiwa sahihi, jeni za kutengeneza vinundu haziko hapo. Ziko kwenye duara jingine la vinasaba, plasmidi, ambalo bakteria anaweza kulipata kwa mwenzake, na anaweza kulipoteza. Jina halituambii kama anafanya kazi."

"Lebo yetu inasema mambo mawili. Jina, na idadi ya walio hai kwa kila gramu. Idadi ulihesabu mwenyewe. Kuna kosa?"

"Hakuna."

"Basi tatizo liko kwenye udongo wa hao akina mama."

Ndeshi alirudi kwenye sinki na kuosha vyombo vya asubuhi nzima. Alikuwa amefundishwa, enzi za Morogoro, kumjua bakteria kwa mmea anaoupenda: huyu wa maharage, huyu wa soya, huyu wa karanga. Halafu wakaambiwa hapana, mpande kwenye kisahani, anayekua upesi hugeuza rangi kuwa njano, anayekua taratibu huigeuza bluu. Halafu ikaja jeni moja. Kila mara walimu walisema sasa ndiyo tumepata njia ya uhakika, na kila mara majina yakabadilishwa na vitabu vikatupwa. Sasa njia ya uhakika ilikuwa kusoma jenomu nzima, herufi kwa herufi, na kampuni haikuwa na mashine hiyo wala nia ya kuitafuta.

Gichuki alikuwa nayo. Gichuki alikuwa Mkenya aliyefanya kazi kwenye maabara moja ya kusoma vinasaba kule Richardson, karibu na Dallas. Walikutana miaka miwili nyuma kwenye harusi ya muuguzi mmoja waliyemfahamu wote, wakakaa meza moja wakazungumza bakteria mpaka waliokaa nao wakahama. Ndeshi akampigia.

"Tuma sample," Gichuki akasema. "Tuna run ya mashine Alhamisi na kuna nafasi. Nitaiweka kwa jina langu, bosi wangu hana shida na hizo. Lakini iwe safi, eh?"

Ndeshi alichukua unga moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, akaotesha, akakwangua, akafunga, akatuma kwa posta. Alifanya haraka. Maneno ya Bertila kuhusu joto yalikuwa kichwani mwake, na Hollis alikuwa anapita pita. Kifurushi kilichukua siku sita badala ya mbili.

Jibu la Gichuki lilikuja kwa simu, na kabla hajasema lolote Ndeshi alimsikia akishusha pumzi.

"Ndeshi, hii kitu ime-contaminate. Hapa kuna watu wawili kwa nyumba moja. Kuna Rhizobium wako, na kuna mwingine wa udongo tu, amejaa kila mahali. Siwezi kutenganisha vizuri. Nikikuandikia ripoti hapa nitakuwa nakudanganya."

Ndeshi alikaa kwenye gari, mbele ya duka la vyakula vya Kiafrika alipokuwa amekwenda kununua unga wa ugali, na akapiga usukani kwa kiganja. Kosa lilikuwa lake. Kitu cha kwanza alichowafundisha wanafunzi wa mazoezi kule nyumbani kilikuwa hiki: usisome kitu ambacho hujakitakasa. Chora mistari kwenye kisahani, subiri, chukua doa moja, chora tena, subiri tena, mara tatu. Alikuwa amewafokea watu kwa kosa hili hili. Na sasa wiki mbili zilikuwa zimepotea na majani ya Alief yalikuwa yanadondoka.

Alianza upya. Safari hii hakuchukua kutoka mfukoni tu. Alichukua pia kutoka kwenye vinundu vyeupe alivyovihifadhi, na kutoka kwenye kile kichupa cha ndani kabisa ya friza, kichupa mama, ambacho kila shehena ya unga ilizaliwa humo. Alichora mistari asubuhi kabla wenzake hawajafika. Alisubiri. Alichora tena. Hollis alimkuta mara moja na visahani tisa mezani.

"Hivyo ni vya shehena gani?"

"Ni vya kuhakikisha."

"Tulishahakikisha."

Hakumkataza, lakini siku ile ile alimpa kazi ya kupanga upya stoo nzima ya mifuko, kazi ya siku tatu.

Safari hii hakuamini posta. Siku yake ya mapumziko aliweka sampuli kwenye kasha la barafu, akalifunga mkanda kwenye kiti cha abiria, akashika barabara ya kwenda Dallas. Ni mwendo wa saa nne kukiwa shwari. Hakukuwa shwari. Karibu na Ennis lori lilikuwa limelala ubavu na magari yakasimama saa moja na nusu kwenye jua, na Ndeshi akawa anafungua kasha kila baada ya dakika kumi kutazama barafu inavyoyeyuka, jambo ambalo alijua kabisa linaiyeyusha upesi zaidi. Alipofika Richardson shati lilikuwa limemganda mgongoni. Gichuki alimpokea mlangoni, akachukua kasha, akampa maji.

"Pole sana. Enda ukalale kwa Lydiah," akasema. Lydiah alikuwa mke wake. "Kesho tutajua."

Kesho yake saa sita mchana walikaa mbele ya skrini. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutosha kiganjani. Gichuki alianza na jina.

"Tumelinganisha jenomu yote. Mpaka wa kuwaita aina moja ni kama asilimia tisini na tano, tisini na sita. Huyu wako wa kichupa mama ako na tisini na nane nukta saba. Kwa hivyo lebo yenu ni sawa. Jina ni sahihi kabisa."

Ndeshi akauliza: "Wa kwenye vinundu vyeupe?"

"Ni huyo huyo. Ni nyinyi mlimuweka."

"Basi Hollis yuko sahihi."

"Ngoja." Gichuki akafungua picha nyingine, duara lenye alama za rangi. "Hii ndiyo ile plasmidi ya vinundu. Hizi za buluu ni jeni za kutengeneza kinundu. Ziko zote. Hizi nyekundu zinafaa kuwa za kunasa naitrojeni." Akazungusha duara kwa kidole. Palikuwa na pengo. "Hakuna. Zimekatika. Pande lote limeenda."

Ndeshi alisogea karibu na skrini mpaka paji lake likakaribia kuigusa.

"Tangu lini?"

"Hiyo sijui. Mmekuwa mkimhamisha kutoka kichupa hadi kichupa miaka mingapi? Kumi? Kumi na tano? Anakula vizuri, hana kazi ya kufanya. Nafikiri aliangusha mzigo njiani na hakuna mtu aliona, kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia jina."

Kwa hiyo bakteria alijua kubisha hodi kwenye mzizi, alijua kufunguliwa, alijua kujenga chumba na kukaa. Kazi iliyomleta hakuwa nayo. Na kwa kuwa alipakwa kwenye mbegu yenyewe, aliwatangulia wale wazuri waliokuwa tayari udongoni Alief na kuwafungia nje. Ndeshi alielewa yote hayo kwa mara moja, na badala ya kufurahi alitaka kulia kwa hasira. Kung'oa mche mmoja wa majaribio na kupasua kinundu, kabla unga haujauzwa, kungeonyesha haya kwa dakika moja. Yeye alikuwa amehitaji wiki saba, na mashine, na barabara ya saa sita.

Ripoti ilikuwa na kurasa nne. Hollis alisoma ya kwanza, yenye jina na ile tisini na nane nukta saba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndeshi alimfungulia ya tatu, yenye duara na pengo.

"Unataka nifanye nini?" Hollis akauliza.

"Tuagize kichupa mama kipya kutoka benki ya bakteria. Na tuwaambie waliokwisha kununua."

"La kwanza nitalifikiria. La pili hapana. Kila kilichoandikwa kwenye mfuko ni kweli."

"Ni kweli, na hakifanyi kazi."

"Mfuko hausemi kinafanya kazi, Ndeshi. Unasema ni nini."

Alilitamka jina lake vibaya kama alivyolitamka kwa miaka mitano. Ndeshi alisimama pale akitafuta neno la kumjibu kwa Kiingereza, na kila alilolipata lilikuwa la kumfukuzisha kazi. Akatoka.

Jumapili baada ya misa aliwakusanya wanawake bustanini. Maharage yalikuwa yamekwisha kung'olewa. Kilichovunwa kwenye matuta yote kumi na nne kilitosha sufuria mbili, na kingi kilitoka kwenye mstari wa uzio. Aliwaambia ukweli wote, pamoja na kwamba kampuni haitawaambia wengine, na pamoja na kosa lake la sampuli chafu. Alipomaliza, Bertila alikuwa ameshika jembe lake kifuani.

"Kwa hiyo jina lake lilikuwa sawa?"

"Lilikuwa sawa."

"Na wewe ulisoma hayo mambo kwenu. Huko ulipanda unga bila kuujaribu?"

Kule kituoni Ndeshi asingethubutu. Kila shehena ilijaribiwa kwanza kwa mbegu zilizooteshwa kwenye makopo, wiki tano, kabla ya kufika kwa mkulima. Hapa aliukuta mfumo usio na makopo, akaambiwa kipimo ni kile cha kompyuta, na kwa sababu cheo chake kilikuwa msaidizi alinyamaza miaka mitano.

"Nilipaswa kuujaribu," akasema.

"Ulipaswa," Bertila akasema, na akaenda kumwagia bamia zake maji. Hakumuaga.

Kichupa kipya kiliagizwa Julai, kimya kimya, bila Hollis kumtajia. Ndeshi alikiona kwenye friza siku kilipofika, na mifuko ya unga wa zamani ikaendelea kupungua stoo mpaka mfuko wa mwisho ulipouzwa. Aliandika barua mbili za malalamiko na kuzipeleka kwa Hollis, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kupelekewa. Hazikujibiwa. Alituma maombi ya kazi sehemu tatu, moja ikiwa kwa Gichuki kule Richardson, na sehemu zote zilirudi kwenye suala lile lile la shahada.

Septemba wanawake walipanda tena, bila unga. Ndeshi aliomba tuta dogo, na Bertila akampa la mwisho, karibu na bomba linalovuja, bila maneno mengi. Maharage yaliota vizuri. Oktoba Bertila mwenyewe alimletea mzizi mmoja wa pale kwenye uzio, wenye vinundu vyekundu, umefungwa kwenye karatasi ya jikoni.

"Usiupeleke kwa yule mzungu," akasema. "Mpelekee yule Mkenya. Nataka kujua anaitwa nani."

Safari hii Ndeshi alitakasa mara nne. Gichuki akasoma, kisha akapiga simu akicheka. Yule bakteria wa uzio alifanana kwa asilimia tisini na tano nukta tatu na ndugu yake wa karibu, mpakani kabisa. Kipimo cha pili cha jenomu nzima, chenye hesabu yake tofauti, kilimweka chini ya mpaka, cha kwanza juu yake. Kwa kipimo kimoja alikuwa na jina. Kwa kingine hakuwa nalo, na kumpa jipya kungehitaji kazi ya mwaka na zaidi. Jeni za naitrojeni zilikuwepo zote. Ndeshi hakucheka. Alimpelekea Bertila jibu hilo, na Bertila akalisikiliza mpaka mwisho.

"Hamjui," akasema.

"Hatujui."

"Sawa. Yeye anajua kazi yake."

Kazini, kuanzia Agosti, Ndeshi alidai makopo. Aliyadai kila Jumatatu kwa miezi miwili, mpaka Hollis, kwa kuchoka tu, akampa rafu moja karibu na dirisha, pembeni ya mashine ya kuchapisha. Mbegu za kwanza zilikufa kwa baridi ya kiyoyozi. Za pili zikatupwa na kampuni ya usafi. Za tatu alizibandikia karatasi nyekundu yenye maandishi ya lugha tatu, na zikakua.

Asubuhi moja ya Januari aliupasua mzizi wa kwanza wa shehena mpya mbele ya Hollis, juu ya karatasi nyeupe. Ndani ya kinundu palikuwa pekundu. Akapasua cha pili, pekundu. Hollis aliinama akatazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza aliuliza swali ambalo Ndeshi alidhani ni la maana.

"Imechukua siku ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Ni nyingi mno," Hollis akasema. "Kompyuta inachukua nne."

Akarudi ofisini kwake. Ndeshi akapasua vinundu vilivyobaki, kimoja kimoja, akaandika idadi ya vyekundu na idadi ya vyeupe kwenye fomu, mahali ambapo fomu haikuwa na sehemu ya kuandika hayo, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo.